Nusu Kidonge Kila Asubuhi

Tarehe 14 Februari

Sindano mwanangu,

Salamu zangu zikukute huko kiwandani ukiwa mzima wa mwili na wa roho. Huku hatujambo, ila miwani ndiyo imekufa. Jumatatu nilikuwa nagonga kokoto kama kawaida, kipande kikaruka kikapiga kioo cha kulia, na cha kushoto nacho kikaanguka chenyewe kwa kumwonea huruma mwenzake. Jicho ni zima, usianze kulia. Mbali naona vizuri, hata kunguru akitua juu ya paa la shule namhesabia vidole. Karibu ndiyo ukungu mtupu. Kuandika naandika, mkono unaijua njia wenyewe, lakini herufi ni kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza, ndiyo maana barua hii imekula karatasi nne. Kusoma ndiyo basi.

Barua zako sasa ananisomea Redio. Unamkumbuka, yule jirani wa mlango wa pili ambaye habari ikiingia kwake asubuhi, ikifika mchana mtaa mzima umeshaisikia. Anasoma vizuri, siwezi kumsingizia, lakini anasoma kwa sauti. Nikimwambia apunguze ananijibu, "Mama, barua haina siri, ingekuwa na siri isingeandikwa." Na ile simu yake ndiyo kabisa, imeharibika, inasikika kwa spika tu. Ukipiga unazungumza na mimi, na yeye, na mbuzi wa nyumba ya nyuma. Kwa hiyo usipige, andika.

Mke mwenzangu, huyu mwanao Chiriku, hajambo. Meno mawili ya mbele yameng'oka na bado anaongea tangu anapofungua macho. Mwalimu wake ananiambia, "Bibi, huyu mtoto anameza nini?" Sketi ya shule haifungi tena kiunoni. Dawa yake ya kifua nampa kila asubuhi kabla ya chai, kidonge kimoja kwenye kijiko cha maji, kama ulivyonionyesha. Nimehesabu leo, vimebaki ishirini na vinne. Ulisema utaleta vingine mwisho wa mwezi.

Lakini nikuulize, hicho kifua kiko wapi? Tangu umeniachia huyu mtoto hajakohoa hata mara moja. Mimi naona kimepona. Vikiisha, tuache viishe. Dawa nyingi nazo ni sumu, na mtoto ana miaka saba tu.

Mimi mama yako.


Tarehe 22 Februari

Mama,

Chiriku hana kifua. Hakuwahi kuwa na kifua. Dawa unayompa ni ya virusi vya UKIMWI. Alivipata kwangu. Mimi nilipimwa nikiwa nimeshajifungua, nikiwa nimeshamnyonyesha, na yeye akapimwa wiki iliyofuata. Anameza dawa tangu ana miezi mitano. Ndiyo maana anaongea kutwa na sketi haifungi. Hapo unapoona amepona ndipo dawa inapofanya kazi. Ikikatika, virusi vinaamka, na vikiamka vinaweza kuizoea dawa, halafu siku ukiirudisha isimsaidie tena.

Nilidhani nitapata ruhusa nije na kopo jingine. Msimamizi amekataa. Kuna oda ya mashati, nashona kola mia mbili kwa siku, na hakuna kutoka mpaka mwezi wa tano. Mimi mwenyewe nikitaka kwenda kuchukua dawa zangu namdanganya kwamba naumwa jino. Juzi ameniambia, "Wewe una meno mengi kuliko mamba."

Utaniuliza kwa nini nilikuficha. Ni kwa sababu ya kikombe, mama. Kile cha bati, cha bluu, cha marehemu shangazi. Kilikuwa kinatundikwa kwenye msumari nje ya jiko, peke yake, jua lake mvua yake. Nilikuwa na miaka kumi. Ukaniambia, "Ole wako nikukute unakinywea." Shangazi alikuwa amekaa pale pale, anasikia. Siku nilipopewa majibu yangu, nilikikumbuka kikombe kile kabla sijamkumbuka hata Mungu.

Barua hii siitumi. Redio ataisoma mlangoni kwa sauti, na kabla hujaelewa wewe, mwalimu wa Chiriku atakuwa ameshaelewa. Nimeiandika nione tu kama mkono wangu unaweza. Kumbe unaweza. Naiweka chini ya godoro.

Mwanao.


Tarehe 22 Februari

Shikamoo mama. Na wewe jirani unayetusomea, shikamoo, na asante kwa macho yako.

Pole kwa miwani. Mimi sijambo, kazi ni nyingi. Ruhusa sikupata, sitaweza kuja mpaka mwezi wa tano.

Mama, ile dawa ya kifua Chiriku asikose hata siku moja. Nakuomba sana. Kifua cha namna ile hujificha, mtu akadhani kimepona. Nenda hospitali ya hapo na kopo la dawa, usibandue karatasi yake, waonyeshe tu, wao watajua. Na popote watakapokuelekeza, mama, ingia. Usibishane nao.

Asikose hata siku moja.

Mwanao, Sindano.


Tarehe 6 Machi

Sindano wangu,

Barua yako ilifika tarehe ishirini na nane, ikaniacha na mawazo. Redio aliisoma kwa mtindo wake, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje. Alipofika pale kwenye "asikose hata siku moja" akapunguza sauti. Mwenyewe nikamtazama, maana Redio kupunguza sauti ni kama jogoo kunong'ona. Akamaliza, akaikunja, akanirudishia. Akasema, "Mama, hilo kopo la dawa liko wapi?" Nikamletea. Akaliangalia mbele na nyuma.

"Nenda hospitali na hili kopo, usingoje. Na kuanzia leo mimi barua zako sisomi tena. Mwambie mwanao akutumie miwani."

"Jirani, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Macho yangu yamechoka."

Macho yake yamechoka! Jana yake tu aliona kutoka dirishani kwake kwamba fundi viatu amevaa soksi mbili zisizofanana. Basi nimenuna, na yeye namwona ananikwepa. Huku miwani hakuna mpaka apite yule mchuuzi, na hajapita tangu mwaka jana. Nitumie ukiweza.

Sasa dawa. Siku ile nilihesabu nikakuta kumi. Wewe huji mpaka mwezi wa tano, na umesema asikose hata siku moja. Nilikaa na jambo hilo nikigonga kokoto mchana kutwa, mpaka akili ikanijia. Nimeanza kuvikata. Napasua kidonge katikati kwa kisu cha mkate, nusu leo, nusu kesho. Mimi ninayepasua mawe tangu wewe hujazaliwa, kidonge kitanishinda? Zinatoka nusu sawasawa utadhani zimepimwa kwa mizani. Kwa hiyo tangu tarehe moja anameza kila asubuhi, hajakosa hata siku moja, kama ulivyoagiza. Zimebaki nusu kumi na nne. Ukinisifu sitakataa.

Na hospitali nimekwenda, leo hii. Tulitoka mapema, mimi na Chiriku. Dirishani mapokezi kuna binti mmoja ana kucha ndefu kama za paka. Akaligeuza kopo, akasema bila hata kuninong'oneza, na nyuma yangu foleni ya watu:

"Bibi, chumba namba saba, mwisho wa korido. Kinafunguliwa Jumanne na Alhamisi tu, leo una bahati."

Nikamwambia, "Binti, angalia vizuri. Huyu ana kifua."

"Nimeangalia."

"Angalia tena."

"Bibi, kopo limeandikwa. Namba saba. Anayefuata!"

Sindano, chumba hicho unakijua. Ndicho alichokuwa anakwenda shangazi yako. Benchi liko nje koridoni, na hiyo ndiyo njia ya kila mtu, anayekwenda kujifungua anapita hapo, anayekwenda kung'oa jino anapita hapo. Na wale waliokaa wote wanaangalia vidole vya miguu yao, mmoja amejitanda kanga mpaka kwenye nyusi. Chiriku akanivuta mkono, "Bibi, tunaingia?" Nikamwambia, "Hatuingii, hicho ni chumba cha wale watu." Nikarudi dirishani nikamwambia yule binti kwa sauti, asikie yeye na foleni yake, "Mjukuu wangu hana ugonjwa wa chumba namba saba. Kwetu hatuna mtu wa hivyo." Nikamshika mtoto wangu tukaondoka kichwa juu.

Fikiria wangemkalisha pale! Kesho shuleni nani angekubali kukaa naye dawati moja? Umeniambia nisibishane, lakini hapo ningenyamaza vipi? Niandikie jina la dawa kwa herufi kubwa, pengine duka la dawa watakuwa nayo.

Mama yako mwenye hasira, lakini si kwako.


Tarehe 13 Machi

Mama,

Haya ya mwanzo nimemwagiza dereva wa basi akuambie kwa mdomo akikukabidhi kifurushi: kwanza funga mlango. Pili, vaa miwani. Niliichagua kwa kujaribu miwani yote ya yule muuzaji, nikikumbuka ulivyokuwa unashikilia ripoti zangu za shule mbali na uso. Kama haikufai, usimpe mtu akusomee. Mrudishie dereva wa basi kila kitu. Tatu, humu ndani kuna karatasi iliyokunjamana, ya tarehe 22 Februari. Isome hiyo kwanza, yote. Mimi nakungoja hapa.

Umemaliza?

Basi nisikilize. Kukata kidonge acha leo hii. Nusu kidonge ni mbaya karibu sawa na kutomeza, kwa sababu virusi vinaionja dawa bila kuzidiwa nayo. Mpe kidonge kizima kwa zilizobaki, unganisha nusu mbili, halafu Jumanne au Alhamisi inayokuja mpeleke. Sikulaumu. Nilikuambia asikose hata siku moja, sikukuambia kwa nini. Nilikupa amri nikakunyima sababu, ukafanya kama akili na upendo vilivyokutuma. Nimelia chooni kiwandani, maana pale nje haturuhusiwi kusimama, na nilichokuwa naona ni wewe na kile kisu cha mkate.

Kadi ya Chiriku na barua ya uhamisho kutoka kliniki yake ya huku nimezikunja ndani ya kitambaa cha miwani. Nesi aliniambia zamani nizichukue, nikawa naogopa. Safari hii nimeng'oa jino la tano ili nizipate. Ukiwa nazo hawatakurudisha.

Sasa hili la mwisho ni gumu. Wale watu uliowaona kwenye benchi wakiangalia vidole vya miguu, mimi ni mmoja wao. Benchi langu liko mji mwingine, lakini vidole ni hivyo hivyo. Umesema kwetu hatuna mtu wa hivyo. Kwetu mnaye mmoja huku anashona kola, na mwingine mnakula naye mkate hapo mezani.

Kama utaona aibu kuingia, niambie ukweli. Nitaacha kazi nije hata kwa kutoroka. Lakini Jumanne na Alhamisi hazinisubiri mimi, na kwa hesabu yako nusu zinaisha tarehe ishirini, mapema zaidi ukiziunganisha.

Na kama kikombe cha shangazi bado kiko kwenye ule msumari, usimpe Chiriku. Ni hilo tu ninaloomba.

Mwanao.


Tarehe 24 Machi

Mama,

Dereva ameniapia kwamba alikukabidhi kifurushi mkononi tarehe kumi na tisa. Leo ni tarehe ishirini na nne na hujaniandikia hata neno. Jana nilishindwa kuvumilia, nikaazima simu ya mwenzangu nikampigia Redio. Nilijua anasikika mtaa mzima, kwa hiyo nikauliza tu, "Chiriku mzima?" Akasema, "Mzima." Nikauliza, "Mama yupo?" Akasema, "Yupo. Miwani imemkaa vizuri. Atakuandikia mwenyewe." Halafu akakata. Redio, mama. Maneno saba, akakata.

Amejua nini? Nani amemwambia? Umemwondoa Chiriku nyumbani? Amelala wapi?

Kama umechukia nichukie mimi. Yeye hakuomba kuzaliwa navyo. Nimeshafunga nguo zangu kwenye mfuko. Nisipopata neno kufikia mwisho wa mwezi, nakuja.

Sindano.


Tarehe 26 Machi

Sindano mwanangu,

Barua yako ya juzi dereva wa basi ameniletea leo. Fungua huo mfuko, rudisha nguo mahali pake. Mtoto yuko hapa mbele yangu, anamfundisha kuku kusoma. Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nilitaka nikuandikie yote, na mengine yalikuwa hayaandikiki mpaka niyafanye kwanza.

Kifurushi kilifika Jumatatu. Nikafunga mlango kama dereva alivyonipa agizo lako, nikavaa miwani. Inaona mpaka ninachowaza. Shule mimi niliiacha darasa la nne, unajua, barua yako ile ya kukunjamana nilianza kuisoma jua likiwa juu, nikaja kufika mwisho jua likiwa linatua. Kila mstari niliurudia, nikidhani nimesoma vibaya. Sikuwa nimesoma vibaya. Chiriku alikuwa anagonga mlango, "Bibi, unapika nini humo ndani?" Nilikuwa sipiki kitu.

Sitakudanganya. Kwanza nilikasirika. Nikasema, mwanangu mwenyewe wa kumzaa ananidanganya kuhusu dawa, mimi nani kwake? Kisha nikafika pale kwenye kikombe. Hasira ikakosa pa kukaa.

Asubuhi ya Jumanne nilimpa nusu ya mwisho, ya kuunganisha nayo haikuwepo. Nikamvalisha, nikachukua kadi, nikachukua kopo tupu, tukaenda. Na sasa nakuambia kitu ambacho ningeweza kukificha usingejua kamwe. Tulifika getini. Nikaona watu. Nikamwona mke wa fundi viatu amekaa na mjukuu wake anayeumwa jino. Miguu ikakataa. Nikamwambia Chiriku hospitali leo imefungwa. Akasema, "Bibi, mbona watu wanaingia?" Nikamwambia hao ni wafagiaji. Tukarudi nyumbani, na dawa hakuna. Jumatano mtoto wako hakumeza kitu. Siku moja, Sindano. Ile uliyoniomba asikose. Siku ile niligonga kokoto mpaka mkono ukavimba, nikijiambia, wifi yako aliingia chumba kile peke yake miaka miwili, na wewe ulikuwa unammiminia maji kwa mbali, jagi juu, lisiguse kikombe chake. Nilidhani najikinga. Nilikuwa namkausha.

Alhamisi tukaenda tena. Sikungoja miguu iseme. Yule binti wa kucha aliniona, akafungua mdomo, nikamwambia, "Najua, mwisho wa korido." Tukafika penye benchi. Limejaa, wote vichwa chini. Na mke mwenzangu, na ile sauti yake aliyorithi sijui kwa nani, akauliza:

"Bibi, si ulisema hiki ni chumba cha wale watu?"

Vichwa vyote vikainuka. Hata mtu wa kufagia alisimamisha fagio. Nilitamani ile sakafu ipasuke kama jiwe niingie. Nikamtazama mtoto, ananitazama, anasubiri jibu tu, hana hatia yoyote. Nikamwambia, "Ndiyo, mke mwenzangu. Na sisi ndio wale watu. Sogea tukae."

Yule aliyejitanda kanga mpaka kwenye nyusi akasogea kutupisha. Akaishusha kanga. Nani? Redio!

Nilikaa. Sikujua nianze na salamu au nianze na pole. Yeye ndiye aliyeanza, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo. "Karibu, mama."

"Jirani, tangu lini?"

"Huu mwaka wa tisa."

Mwaka wa tisa, Sindano! Redio iliyotangaza mimba ya binti wa mwalimu mkuu kabla binti mwenyewe hajajua, habari yake mwenyewe haijaitangaza miaka tisa. Nikamwambia hivyo hivyo. Akacheka mpaka kanga ikaanguka. Akasema, "Mama, nikitangaza za wenzangu nani atapata muda wa kuuliza zangu?" Halafu akaacha kucheka. Akaniambia, "Siku uliponionyesha kopo nilijua. Mimi nina kama hilo, la watu wazima. Barua ya mwanao ilikuwa imebeba kitu inaogopa kukitua mbele yangu. Ndiyo maana nikakataa kusoma. Ilikuwa si yangu kusema, lakini nilikusukuma uje. Na ile Jumanne ya kwanza ulipopiga kelele dirishani, mimi nilikuwa hapa hapa, nilikusikia."

Alinisikia nikisema kwetu hatuna mtu wa hivyo. Nikamwomba msamaha. Akasema, "Umeshasogea ukakaa, yameisha."

Tukaingia. Nesi ni mama wa makamo, anaandika kwa mkono wa kushoto. Akasoma kadi, akasoma ile barua ya uhamisho, akasema, "Vizuri, vyote vipo. Dawa amekuwa anamezaje?" Nilikuwa na uwezo wa kusema vizuri. Redio aliniambia wengi husema vizuri. Nikasema, "Kidonge kizima mpaka mwisho wa mwezi wa pili. Kisha nusu, siku ishirini. Nusu ya kuunganisha haikubaki. Jana hakumeza." Kalamu yake ikasimama.

"Bibi, kwa nini nusu?"

"Niliambiwa asikose hata siku moja."

Hakunifokea. Akasema, "Ungenificha hili ningempa dawa nikiwa kipofu. Sasa najua pa kuangalia." Akampa kidonge pale pale, mbele yangu, na maji kwenye kikombe chake mwenyewe nesi, kile anachonywea chai. Nilikiangalia sana kile kikombe. Mtoto alipomaliza, nesi akakiweka mezani karibu na karatasi zake, akaendelea na kazi.

Wamemtoa damu. Chiriku aliizungumzisha ile sindano, akaiambia ina jina kama mama yake kwa hiyo isimwumize. Majibu ya wingi wa virusi ni wiki tatu. Nesi hakunipa maneno matamu. Amesema pengine vimepanda kidogo na vitashuka, pengine itabidi wabadilishe dawa, hawezi kujua kabla ya karatasi kurudi. Kwa hiyo hofu bado ninayo, nalala nayo naamka nayo. Lakini kopo liko ndani, vidonge thelathini vizima, kisu cha mkate kimerudi kwenye mkate. Tunarudi tarehe kumi na tisa mwezi wa nne, ni Alhamisi. Redio amesema twende pamoja, yeye atajifunika kanga, mimi nitasema kwa niaba yake, tubadilishane kazi. Chiriku nesi ameniambia nimwambie pole pole, maneno ya umri wake. Nimemwambia ndani ya damu yake kuna wadudu wavivu, dawa inawaimbia walale. Ameniuliza wimbo gani. Hilo utamjibu wewe.

Na wewe? Umeniandikia kurasa za mtoto, zako mistari miwili na utani wa meno. Unakula? Unameza zako kwa saa ile ile? Nani anajua huko, au umekaa peke yako na godoro lako? Niandikie. Nina miwani sasa, sina msomaji, mlango wangu unafungwa.

Na kuhusu kile kikombe. Kilikuwa bado kwenye msumari, miaka kumi na minane, nakipita kila asubuhi nikienda kuwasha moto. Alhamisi tuliporudi nilikitoa. Nilikisugua kwa majivu mpaka bluu ikatokea. Kutu imekula ukingo kidogo ila hakivuji. Nikamimina chai, nikakaa kizingitini, nikanywa, mchana kweupe, kila apitaye aone. Nilimwambia wifi yangu niliyopaswa kumwambia akiwa anasikia.

Uliniomba nisimpe Chiriku. Hilo nimeshindwa, mwanangu, nisamehe. Amekipenda kwa sababu ni cha bluu, na mimi nakitaka kwa sababu ni cha wifi yangu, tunakigombania kila siku. Tumekubaliana anayewahi kuamka ndiye anayekinywea.

Ukija mwezi wa tano, uwe unaamka mapema.

Mimi mama yako.